Shajara ya kipima taa: kutoka hakathoni hadi wodi ya watoto wachanga

Ijumaa usiku, siku ya kwanza

Nimefika Dar es Salaam saa nane mchana kwa basi. Mkobani nina bisibisi, maltimita ya kazini, na mchoro wa taa ya LED ambao nimeukunja na kuukunjua mwaka mzima. Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali ya mkoa. Wodi yetu ya watoto wachanga ina taa nne za kutibu manjano, na haupiti mwezi bila moja kuletwa mezani kwangu. Nilijiandikisha kwenye hakathoni hii, mashindano ya siku tatu ya kutatua matatizo ya hospitali kwa timu, kwa nia moja: kuunda taa mpya ya bei nafuu, itakayotengenezeka hapahapa nchini.

Utaratibu ni mwepesi. Mwenye tatizo anapewa dakika moja mbele ya ukumbi alieleze, kisha watu wanazunguka na kujiunga na tatizo lililowagusa. Wamekuja wahandisi, wanafunzi wa vyuo, madaktari wachache, waandishi wa programu wengi sana, na wauguzi wanne. Niliwahesabu.

Mmoja wa hao wanne, mama wa makamo anayeongoza wodi ya watoto wachanga katika hospitali nyingine, alisimama bila karatasi. "Watoto wangu wanalala chini ya taa siku tatu, siku nne. Wengine manjano yanashuka, wengine hayashuki. Taa zote zinawaka, zote ni za bluu. Sijui ipi inatibu na ipi inawaka tu." Akashukuru, akarudi kukaa. Hakutumia hata nusu ya dakika yake.

Nilikaa na maneno yake muda mrefu. Miaka sita nimekuwa nikitengeneza taa hizo, na kila nikimaliza, kipimo changu cha kazi ni kimoja: nawasha swichi, ikiwaka naiandikia "nzima" na kuirudisha wodini. Sijawahi kupima kinachotoka ndani yake. Nilimfuata kwenye kiti chake, nikamwamkia, nikamwambia nataka kufanya kazi na yeye. Mchoro wangu umebaki mkobani.

Tumekuwa watu watano: Sista, yaani yule mama muuguzi, daktari kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu, mwandishi wa programu mmoja, na mimi.

Jumamosi, asubuhi hadi usiku

Hatukufungua kompyuta mpaka saa nne. Tulimwomba Sista atueleze siku nzima ya mtoto chini ya taa: nani anamlaza, nani anamfunika macho, anatolewa mara ngapi kunyonya, nani anaamua taa ikae juu kiasi gani. Jibu la hilo la mwisho lilitushtua. Hakuna anayeamua. Taa inakaa pale ilipoachwa na aliyepiga deki.

Naandika hapa mambo ya msingi, kwa sababu hata mimi fundi nilikuwa nayajua nusu. Manjano ya mtoto mchanga hutokana na bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zinazovunjika. Ini la mtoto wa siku mbili tatu bado ni zito kuyatoa. Yakizidi sana huingia kwenye ubongo, na anayepona anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo. Mwanga wa bluu wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 460 na 490 huigeuza bilirubini iliyo kwenye ngozi ikawa ya umbo ambalo mwili unaweza kulitoa kwa nyongo na mkojo, bila kusubiri ini liibadilishe kwanza. Si mionzi ya urujuanimno, kama wengi wanavyodhani. Wala si bluu yoyote ile, na taa ya mapambo kutoka dukani haifai.

Maana yake mwanga huu ni dawa, na dawa ina dozi. Kwa matibabu makali kinachotakiwa ni angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita, zikipimwa pale mtoto anapolala. Maneno hayo ni marefu, kwa hiyo mezani tulikubaliana kusema "thelathini" tu. Daktari wetu kijana alisema jambo ambalo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza: sindano hatumchomi mtoto bila kujua miligramu, lakini mwanga tunampa kwa kukadiria na macho.

Na macho hayafai kwa kazi hii. Mwanafunzi alipendekeza tutumie simu. Kila muuguzi anayo, na programu za kupima mwanga zimejaa. Nusu saa nzima tulilipenda wazo hilo. Kisha tukagundua kuwa programu hizo hupima kwa luksi, na luksi imetengenezwa kufuata jicho la binadamu, ambalo linaona vizuri zaidi kijani kwenye nanomita 555 na bluu hulififilia. Ukiiweka simu chini ya taa nyeupe ya kawaida itatoa namba kubwa. Chini ya taa nzuri ya bluu itatoa ndogo. Ingetudanganya kwa kinyume kabisa, na ingemdanganya muuguzi kwa kujiamini. Tuliiacha, na nashukuru tuliiacha Jumamosi na si baada ya miezi mitatu.

Badala yake tumechagua sensa ya AS7341, kijisehemu kinachohisi mwanga na kuugawa kwa rangi. Ina njia nane za mwanga unaoonekana, na mbili kati yake zinatufaa: ya nanomita 445 iko chini kidogo ya eneo tunalolitaka, na ya 480 iko ndani yake. Tumeiunganisha na ESP32, bodi ndogo ya kompyuta, na kioo kidogo cha maandishi.

Wakati wa chakula cha mchana daktari alitusimulia kisa cha hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, mwaka 1956. Muuguzi aliyeongoza wodi ya njiti, Sista Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto uani wapate hewa na jua. Siku moja, madaktari wakiwa kwenye mzunguko wa wodi, aliwaonyesha mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki ya manjano iliyokolea. Daktari alimuuliza amempaka nini pale. Kumbe hapakupakwa kitu: pembetatu ile ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka, na kwingine kote jua lilikuwa limefanya kazi. Baadaye mrija wa damu ya mtoto ulisahaulika juani, ukapimwa, na bilirubini yake ikaonekana imeshuka. Kutokana na hayo Richard Cremer na wenzake walijenga kifaa cha taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet.

Sista wetu alisikiliza hadi mwisho, kijiko kikiwa hewani. "Kwa hiyo ilianza na muuguzi," akasema. Mchana wote alikuwa mtu mwingine. Alianza kutukatiza.

Na alitukatiza pazuri. Sisi wanne tulikuwa tumeamua kifaa kiwe na taa tatu ndogo: kijani inatosha, njano inakaribia, nyekundu haitoshi. Tulidhani tunamrahisishia kazi. Alikataa.

"Mimi nataka namba."

Mwandishi wa programu alimweleza kwa heshima kwamba rangi husomeka haraka zaidi.

"Mwanangu, rangi nitaipeleka kwa nani? Nikimwambia Mganga Mfawidhi taa imeonyesha nyekundu, ataniuliza nyekundu ndiyo nini. Nikiandika kwenye daftari 'taa ya pili, tisa, inatakiwa thelathini', nikaandika hivyo Jumatatu nne mfululizo, hiyo ni barua tayari."

Tumefuta taa tatu. Kwenye kioo kutakuwa na namba moja kubwa. Naamini huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote tuliyofanya ndani ya siku hizi tatu, na haukutoka kwa mtu wa saketi.

Jumapili jioni

Kifaa chetu cha kwanza kimejengwa ndani ya kopo la mafuta ya kupaka. Juu ya sensa tumezungusha tabaka sita za utepe mweupe wa tefloni, ule ambao mafundi bomba hufungia maungio. Bila utepe huo sensa ilikuwa inaona mwanga unaotoka juu moja kwa moja tu, na unaotoka pembeni inaupuuza. Mtoto anaupokea mwanga kutoka pande zote, na kifaa lazima kipokee vivyo hivyo.

Sista aliuliza kinatumia umeme gani. Tulikuwa tumeweka betri ya kuchaji. Akasema chaja za wodi hazikai. Zinaondoka na simu za watu. Tukabadilisha dakika za mwisho, tukaweka betri mbili za redio ambazo kila duka la mtaani linazo.

Hatukushinda. Tuzo zimekwenda kwa timu nyingine tatu, na moja yao kwa kweli ilikuwa na kazi nzuri sana ya pampu za dripu. Jaji mmoja alituambia kifaa chetu "hakimtibu mtu." Ni kweli, hakimgusi hata mtoto. Nikiwa fundi naona hiyo ndiyo nguvu yake: kikiharibika, hakuna atakayeumia siku hiyo, na sisi tunaweza kukipeleka wodini mapema bila kumweka mtoto rehani kwa kujifunza kwetu.

Tumepeana namba za simu. Mwanafunzi amechukua kopo.

Wiki ya 2

Kimya. Mwandishi wa programu amepata kazi nyingine na ameaga vizuri, ametuachia kila alichoandika. Tumebaki wanne.

Wiki ya 4

Tumepata kuazimwa mita halisi ya taa za manjano kutoka maabara ya chuo kimoja. Wiki mbili tu, kisha irudi. Bila mita ya kulinganishia, namba zetu zilikuwa ni namba tu.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba taa za LED zikiwa karibu zinaizidia sensa. Namba iligota 65535, ukomo wake, na haikusogea hata tulipoisogeza taa. Nilipunguza muda wa kusoma na ukuzaji wa ishara mpaka ikaanza kupumua tena. La pili ni gumu zaidi: kiwango kimoja cha kusawazisha hakitoshi. Tukiilinganisha na mita chini ya taa ya tyubu, inakuwa sahihi kwa tyubu, halafu inakosea kwa LED, kwa sababu mwanga wa LED umekusanyika kwenye ukanda mwembamba wa rangi na wa tyubu umetawanyika. Hata mita za viwandani za kampuni tofauti husoma tofauti chini ya taa ileile moja, kila moja ina namna yake ya kuona bluu. Kwa hiyo tumeweka swichi ya pande mbili, T na L, na nyuma ya kifaa tumeandika kilisawazishwa kwa mita gani. Sista amekubali swichi, kwa sharti moja, kwamba herufi hizohizo zibandikwe kwenye kila taa.

Wiki ya 5

Nimechukua siku mbili za likizo yangu nimekwenda wodini kwa Sista. Ruhusa ilikuwa imeombwa na kutolewa kwa maandishi. Tunapima godoro likiwa tupu tu, mtoto akiwa ananyonya au amehamishwa. Pointi tano: katikati na pembe nne.

Taa ya kwanza, ya tyubu sita. Katikati: 6.

Nilidhani kifaa kimekosea. Nikarudia, nikabadilisha betri, nikarudia. Sita. Pembeni ilikuwa 4. Nilipanda kwenye kiti, nikafungua kifuniko. Kati ya tyubu sita, mbili zilikuwa nyeupe za kawaida, za kuangazia chumba. Mtu mwenye nia njema aliziweka pale za bluu zilipokosekana, na kwa kuwa taa iliendelea kuwaka na chumba kilizidi kung'aa, kila mtu aliridhika. Kinga ya plastiki chini ya tyubu ilikuwa na vumbi lililoganda kama unga. Na taa yenyewe ilikuwa juu mno.

Sista alisimama pembeni yangu, akaisoma ile sita, akanyamaza. Sikumwambia kitu. Najua alikuwa anawafikiria watoto gani.

Ikumbukwe kwamba taa ile, kwenye orodha ya mali za hospitali, ni nzima. Mwaka 2011 Perry na Malkin walichapisha utafiti uliokusanya taarifa za vifaa tiba zaidi ya laki moja kutoka nchi 16 zenye uhaba wa rasilimali, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Namba hiyo hutajwa kwenye kila hakathoni. Baada ya siku hii ninaisoma kwa namna nyingine, maana taa yetu iliyosoma 6 ingehesabiwa upande wa vinavyofanya kazi.

Wiki ya 5, siku iliyofuata

Tumefanya yasiyohitaji hela. Tumefuta kinga kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Tumeishusha taa hadi umbali ulioandikwa kwenye kitabu chake, ambacho nilikitafuta mpaka nikakipata stoo. Kwa taa za tyubu na LED umbali ndio kila kitu. Za halojeni usizishushe kiholela, joto lake linaweza kumuunguza mtoto. Kipimo kikapanda hadi 13.

Kisha Sista akakumbuka kitu alichowahi kukiona kwenye mafunzo: mapazia meupe kuzunguka taa, ili mwanga unaotoroka pembeni urudi kwa mtoto. Alitoka nje ya geti, kwa fundi cherehani anayekaa chini ya mwembe, akarudi baada ya saa moja na vipande vinne vya kitambaa cheupe vilivyopindwa vizuri. Upande mmoja tumeuacha wazi ili mtoto aonekane na hewa ipite.

16.

Kutoka 6 hadi 16 kwa sabuni, futi kamba na cherehani. Bado si thelathini. Lakini kama ningekuja na taa yangu mpya ya LED, ile ya kwenye mchoro, ningeitundika palepale juu, vumbi lingeikuta palepale, na baada ya mwaka ingekuwa inasoma kidogo vilevile bila mtu kujua.

Wiki ya 8

Tatizo. Sista alipiga simu Jumatano: taa zote nne zimeshuka kwa pamoja, ndani ya wiki tatu. Tyubu haziwezi kuchakaa zote kwa mwendo mmoja. Nikamwomba atume kifaa kwa basi.

Kosa ni letu. Juu ya tefloni tuliweka kipande cha akriliki, plastiki angavu, ili iwe rahisi kupangusa. Wodi hupangusa kila kitu kwa spiriti, inavyopasa, na spiriti imeichana akriliki nyufa ndogondogo mpaka imepata ukungu. Sensa ilikuwa inaangalia taa kupitia dirisha lenye kiwi. Nimeweka badala yake slaidi ya hadubini kutoka maabara, kioo halisi, nikaigandisha kwa silikoni. Nimeipangusa kwa spiriti mara mia mbili mfululizo, nikihesabu kwa sauti, na namba haikusogea.

Nimejifunza pia kwamba kifaa cha kupima kinahitaji cha kukipima chenyewe. Sasa kila kifaa kitakwenda na kisanduku kidogo cheusi chenye LED moja ya bluu ndani. Jumatatu, kabla ya kupima taa, unakiweka kifaa juu ya kisanduku. Kama hakisomi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, hupimi kitu siku hiyo, unanipigia.

Wiki ya 11

Usiku nimekuwa nikisoma habari za waliotutangulia, kuona nini hubaki baada ya ukumbi kufungwa.

Kundi la Hacking Medicine lilianzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2011, na tangu hapo mtindo huu wa siku mbili tatu umesambaa. Ulio karibu nasi ni wa Mbarara, Uganda, ambako chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kimekuwa kikiandaa hakathoni na CAMTech ya hospitali kuu ya Massachusetts. Kisa kinachonivuta zaidi ni cha daktari wa watoto wa Mbarara, Data Santorino, na mhandisi Kevin Cedrone wa MIT. Wazo lao lilizaliwa kwenye hakathoni: kifaa kinachokaa kati ya mfuko na barakoa ya kumpumulisha mtoto asiyelia, kikimwambia mkunga palepale kama hewa inavuja, au kama anabonyeza kwa kasi isiyofaa. Hawakuunda mfuko mpya. Mfuko ulikuwepo, kilichokosekana ni mkunga kujua kama anachofanya kinafika kwenye mapafu. Nilipolisoma hilo niliwapigia wenzangu wote watatu usiku uleule.

Halafu kuna UBORA, mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, na jina lake ni la lugha yetu. Desemba 2017 shule yao ya kwanza ya usanifu ilifanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Walichosisitiza ni kwamba michoro ya vifaa tiba iwe wazi kwa wote, lakini ipitie hatua za usalama tangu mwanzo, siyo kifaa kikishamalizika. Tumeamua kufuata hilo. Michoro yetu yote, pamoja na kosa la akriliki, tutaiweka wazi. Kosa la akriliki hasa, kwa sababu mwingine atalirudia.

Nina maoni yangu kuhusu hakathoni na nitayasema. Siku tatu zinatosha kukutanisha watu ambao hospitali na vyuo vimewatenga, na kwa hilo pekee ninazitetea popote. Hazitoshi kutoa kifaa. Kama ningeandaa moja, ningeleta wauguzi ishirini badala ya wanne, ningewalipia zamu zao, na sehemu kubwa ya hela ya tuzo ningeiweka kwa ajili ya wiki ya nane.

Wiki ya 14

Nimeandaa faili la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vifaa tiba hapa nchini hugawanywa kwa hatari yake, daraja A hadi D, na swali letu ni kama chombo kinachopima taa, kisichomgusa mgonjwa, kinaangukia wapi. Tumeandika orodha ya hatari kama kiwango cha ISO 14971 kinavyotaka. Daktari alisema hatari kubwa si umeme wala joto. Ni namba ya uongo iliyo juu: kifaa kikisema 32 wakati ukweli ni 12, mtu atamwacha mtoto hapo kwa amani. Kwa sababu hiyo tumeirekebisha programu; sensa ikizidiwa au betri ikishuka, kioo hakionyeshi namba kabisa, kinaandika "RUDIA".

Mwanafunzi ametengeneza gamba jipya kwa printa ya 3D. Limetoshea kiganjani mwa Sista. Yeye ndiye tuliyempima.

Wiki ya 16

Daftari la Sista lina Jumatatu kumi sasa. Amenitumia picha ya ukurasa. Safu nne, taa nne, mwandiko wake uliosimama. Taa ya kwanza: 16, 16, 15, 16, 15, 15, 14, 15, 14, 14. Wiki ya nane ameikata kwa mstari na kuandika pembeni, "kipimo kibovu, si taa."

Ameambatanisha ukurasa huo na fomu ya kuomba tyubu. Aliwahi kuomba mara mbili kwa maneno, taa zimechoka. Safari hii fomu imekwenda na namba, na Mganga Mfawidhi ameshuka mwenyewe wodini, akaomba aonyeshwe kinavyopimwa. Amepima kwa mkono wake.

Wiki ya 17

Kwenye hospitali yangu nimepima taa zangu nne, zile nilizoziandikia "nzima". Matokeo nimeyapeleka kwa mkuu wangu wa idara pamoja na maelezo ya kazi niliyokuwa siifanyi. Kuanzia sasa fomu yetu ya matengenezo ina mstari mpya chini ya "inawaka": kipimo kwenye godoro, katikati na pembe nne.

Kifaa cha pili kimekamilika, cha tatu kinasubiri sensa.

Wiki ya 19, Jumatatu

Tyubu zimefika kwa Sista. Sita, bluu zote, za namba sahihi. Nimefunga mwenyewe. Nimefuta kinga, nimerudisha mapazia yaliyofuliwa, nimepima umbali kwa futi kamba. Sista amekiweka kifaa kwanza juu ya kisanduku cheusi, kikasoma kinavyotakiwa, kisha akakilaza katikati ya godoro.

33. Pembeni 27, 28, 26, 27.

Ameandika kwenye daftari, kisha akakata kipande cha plasta, akaandika tarehe ya leo na namba hiyo, akakibandika ubavuni mwa taa. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wa siku nne begani. Sista akampokea mtoto, akamfunika macho, akamlaza.

Kipimo kinachofuata ni Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi.